Kidole Namba Nne

Mlango wa duka la Kunal haukuwa na tundu la ufunguo. Inspekta Damari Mwasumbi aliupapasa toka juu hadi chini, akakuta bamba jeusi la kioo pale ambapo zamani palikuwa na komeo. Matundu ya misumari ya komeo hilo yalikuwa yamezibwa na kupakwa rangi, lakini fundi hakuwa makini. Ukitazama kwa upande uliyaona.

"Weka kidole, afande," Kunal alimwambia. "Chochote."

Damari akaweka kidole gumba. Taa nyekundu ikawaka na kitasa kikalia. Kunal akaweka chake. Taa ikawa ya kijani, mlango ukaachia, na papo hapo simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaitoa, akamwonyesha maandishi: *Kunal amefungua mlango.*

"Kila anayeingia naletewa jina lake," alisema. "Jumapili ile ya wizi tulikuwa harusini Tukuyu, mimi na mke wangu. Jioni natazama simu, nakuta hili hapa."

*Junaid amefungua mlango.*

"Ndiyo maana nasema, afande, hapa hakuna la kupeleleza. Labda mumuulize amewauzia nani."

Junaid alikuwa fundi simu wa duka hilo, mwenyeji wa Mwanjelwa, mwenye mke na mtoto mchanga. Alikuwa mahabusu tangu Jumatatu. Jalada lilimfikia Damari mtuhumiwa akiwa tayari ndani, na maelezo yake yakiwa mafupi kuliko ya mlalamikaji.

Ndani ya duka, simu mpya zilijipanga kwenye kabati za vioo, hakuna hata moja iliyoguswa. Kilichoibiwa kilikuwa chumba cha nyuma. Kunal akawasha taa. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zake zimegongelewa trei za mayai toka sakafuni hadi darini, zimegeuka rangi ya chai. Katikati palikuwa na kiti cha mbao na nondo ya kushikia maikrofoni, bila maikrofoni.

Damari alisimama mlangoni kidogo. "Hapa si ndipo palipokuwa Redio Nyanda?"

"Ndipo. Duka la baba. Kurekodi kaseti, kutengeneza redio." Kunal alisema kama mtu anayetaja ugonjwa uliokwisha pona. "Bendi zote za mji zilipita humu. Sasa kuna kampuni ya muziki Dar inataka kaseti zote za zamani, izisafishe, iziweke mtandaoni. Mkataba nimesaini. Wanakuja kuchukua, na maboksi hayapo."

"Yote?"

"Mengi. Yamebaki haya."

Maboksi yaliyobaki yalikuwa kwenye rafu ya juu. Damari akayateremsha moja moja. Ubavuni yaliandikwa kwa kalamu nene: DANSI. KWAYA. TAARABU. Kwenye rafu ya chini, vumbi lilikuwa limeacha miraba safi pale maboksi mengine yalipokuwa yamekaa miaka yote.

"Yaliyochukuliwa yaliandikwaje?"

Kunal akafikiri. "Kigujarati. Mwandiko wa baba. Mimi sikisomi vizuri."

"Junaid anakisoma?"

"Junaid? Hapana." Kisha akaongeza haraka, "Alichukua tu, afande. Mwizi hasomi."

"Huyu alisoma," Damari alisema. "Ameacha yenye maandishi ya Kiswahili, tena yako juu, mepesi kufikia. Ameinama akachukua ya chini. Na simu mpya amezipita."

Mkewe, Khushbu, aliyekuwa akipanga chaja kaunta, aliacha kupanga.

*

Kituoni, Junaid aliletwa akiwa amevaa ndala zisizo pacha. Alikataa kiti mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Mtoto alikuwa na homa. Nani atanishuhudia zaidi ya mama yangu na mke wangu?"

"Mlango umekutaja jina."

"Ndiyo wanavyosema." Akainua mikono yake, akaifungua chini ya taa. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zinang'aa, kama zimepakwa nta. "Gundi ya vioo vya simu. Inakula ngozi. Ule mlango haunitambui tangu Ramadhani. Bosi mwenyewe alimwita fundi wa vitasa, nikapewa kadi."

"Hukusema haya?"

"Nilisema. Aliyekuwa anaandika alinijibu, mashine haidanganyi."

Damari akaagiza bahasha ya vitu vya mtuhumiwa. Mlikuwa na mkanda, pete, na kadi nyeupe isiyo na maandishi. Wakarudi dukani Uhindini na gari la kituo, Konstebo Sifaeli akiendesha. Watu wa mtaa walimwona Junaid akishuka katikati ya askari, wakasimama vibarazani kutazama. Yeye alitazama chini.

"Gumba," Damari alisema.

Taa nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Wakajaribu vyote, mkono huu na huu, mpaka kitasa kikachoka na kujizima kwa muda. Kilipoamka, Junaid akagusisha kadi. Mlango ukaachia.

"Bwana Kunal, simu yako imeandika nini?"

Kunal alisoma kwa sauti ndogo. "Kadi ya pili imefungua mlango."

"Na Jumapili iliandika kadi?"

"Iliandika Junaid. Kwa kidole."

"Basi kuna kidole cha mtu mwingine kinaitwa Junaid," Damari alisema. "Niitie fundi."

*

Fundi wa vitasa aliitwa Alawi, mtu wa maneno mengi, na kwa nusu saa Damari alidhani amempata mtu wake. Alawi ndiye aliyefunga kitasa. Ndiye aliyekuwa na namba ya siri ya fundi, inayofungua bila kidole wala kadi. Na Jumapili ile alionekana Uhindini na ngazi.

"Nilikuwa nafunga kamera duka la vitambaa, kule kona," alijitetea. "Mwulize mwenye duka, alinikalia kichwani mchana kutwa. Halafu afande, namba yangu ikitumika simu inaandika *Fundi*. Siwezi kujiita Junaid hata nikitaka."

"Nani anaweza?"

Alawi akavuta pumzi, akaacha kujitetea, akaanza kufundisha. "Kitasa hakijui majina. Kinajua namba. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Majina yako kwenye simu ya bosi. Junaid alikuwa namba nne. Kidole chake kilipogoma, nilikifuta pale pale mlangoni, nikampa kadi. Jina kwenye simu…" Akakuna shingo. "Jina sikulifuta. Nilisahau."

"Kwa hiyo namba nne ikabaki wazi."

"Wazi. Kidole kipya kikiingizwa pale mlangoni, kinakaa kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi. Na simu itaendelea kukiita Junaid mpaka mtu arekebishe."

"Wewe umeingiza kidole kipya?"

"Mimi? Sijarudi hapa tangu siku ile. Ni kazi ya dakika, lakini lazima ujue namba ya mwenye duka."

Kunal alikwisha kutikisa kichwa. "Mimi sijaingiza mtu."

Damari hakumtazama yeye. Aliinuka, akasema koo limemkauka, akamwomba Khushbu amwonyeshe pa kupata chai. Walipofika nyuma, kwenye uwazi wa kuanikia nguo, akasema kwa upole, "Dada, ni nani?"

Khushbu alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Kila mtu alisema Junaid, Junaid. Nikadhani labda kweli."

"Sasa nakuuliza mimi."

"Baba mkwe. Anakaa Iringa kwa binti yake. Alikuja kututembelea, siku moja akatoka hekaluni peke yake, mvua ikamkuta. Nilimwona toka ghorofani. Amesimama mbele ya duka amelowa, anagongagonga kioo. Duka alilolifungua mwenyewe, dada! Miaka yote alikuwa na ufunguo kiunoni, akilala akiamka. Nikashuka, nikashika kidole chake, nikakiingiza. Nikamwambia, baba, usigonge tena." Akafuta macho. "Kunal sikumwambia. Walikuwa wamegombana kuhusu kaseti."

"Na baada ya wizi mlimwuliza?"

"Hatukumwambia chochote. Ana presha."

*

Asubuhi iliyofuata Damari na Sifaeli walichukua barabara ya Iringa. Binti wa mzee alikuwa amejibu simu kwa wasiwasi: baba aliaga kwenda Mgololo kuwaona marafiki wa zamani, alilala kwenye nyumba ya kanisa la huko, jana amepiga simu akiwa Nyololo. Ana mizigo. Hapana, hakusema mizigo ya nini.

Nyololo hawakupata shida. Mhindi mzee mwenye maboksi yaliyofungwa kamba alikuwa habari ya stendi nzima. Mama muuza viazi akawaelekeza nyumba ya bati jekundu nyuma ya msitu wa misindano, kwa Mama Severina, mjane wa fundi wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla ya kubisha, Damari alisikia sauti ya msichana ikizungumza ndani, na nyuma yake mkwaruzo kama wa mvua ya mbali.

"…sisi wazima, baba Dastan. Mpunga umekubali mwaka huu, baba anasema hajaona hivi. Mtoto ameota jino la juu, sasa ananing'ata. Lile blanketi ulilompa dereva nimelipata. Usiku nalala vizuri. Sikuambii hivi ili uje. Ila ukipewa likizo, njoo…"

Kwenye meza palikuwa na redio kaseti kubwa ya kizamani. Upande mmoja alikaa mzee mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, mikono magotini. Upande wa pili bibi kizee aliyejitanda kitenge, macho ameyafumba. Sauti ilikuwa yake, ya miaka arobaini iliyopita.

Damari alisubiri mpaka kaseti ikanyamaza. Ndipo akabisha.

"Shikamooni."

"Marahaba, karibu ndani," alisema Severina bila kufumbua macho. "Ngoja kidogo, mwanangu. Narudi. Nilikuwa Ubaruku kwetu."

Kisha bibi akafumbua macho, akacheka kidogo, akajipangusa. "Ona, nilikuwa mwongo! Nalala vizuri, na huku nilikuwa silali. Na yeye alijua. Alikuja wiki ile ile, na likizo hakupewa."

Damari akajitambulisha. Mzee Chandrakant, ambaye Mbeya nzima ilimwita Mzee Chandu, hakushtuka. Alizima redio kwanza.

"Nani ameshitaki? Kunal?"

"Ndiye."

"Amenishitaki mimi, baba yake?"

"Hapana, mzee. Ulifungua mlango Jumapili mchana?"

"Nilifungua. Kwa kidole alichonipa mkwe wangu. Nikaita bajaji mbili, nikapakia, nikapanda basi. Sikujificha. Nilimsalimia kila mtu njiani."

"Kwa nini hukumwambia mwanao?"

"Nilimwambia kabla. Nilimwambia usiuze hizi. Akasema, baba, ni muziki tu, watu wausikie." Mzee akachukua kaseti, akaigeuza mkononi. "Ule wakati kaseti mpya hazipatikani. Sabuni haipo, sukari haipo, kaseti itoke wapi? Upande huu narekodi bendi. Upande huu, barua. Watu walitoka Ubaruku, Chunya, Rungwe, siku ya soko, wanakaa kwenye kile chumba cha mayai wanaongea na waume zao wa Mgololo, wa migodini. Wengine hawajui kuandika. Wengine wanajua, lakini walitaka isikike sauti. Kaseti napeleka kwa madereva, na nakala naweka kwenye maboksi niliyoyaandika Kigujarati, maana njiani zilipotea. Na kila aliyekaa kwenye kiti kile nilimwambia neno moja: hatasikia mtu mwingine."

"Na kampuni ya muziki ingesikia."

"Ingesikia mama huyu analilia mumewe. Wangeweka na picha juu yake." Akarudisha kaseti kwenye jalada lake. "Narudisha kwa wenyewe. Wengi nimekuta makaburi. Nikikuta makaburi natafuta mtoto."

Severina akamsogezea kikombe. "Kunywa, chai inapoa."

"Mzee Chandu," Damari alisema, "kitasa hakikuandika jina lako. Kiliandika la Junaid. Yuko mahabusu tangu Jumatatu."

Kikombe kilikuwa kimekwisha fika mdomoni. Mzee alikiteremsha polepole, lakini chai ikamwagika juu ya meza, na Severina akaifuta na ncha ya kitenge chake.

"Junaid mwana wa Mwamvita," mzee alisema. "Anayenitengenezea simu bure." Akainuka, akashika meza, akatafuta kofia yake kichwani ambako tayari ilikuwako. "Twende. Haya maboksi yabaki. Mama, nitunzie. Twende sasa, afande."

Njiani walipita Makambako. Pale mzee akauliza, "Wamempiga?"

"Hapana."

"Amelala wapi?"

Damari alimwambia ukweli. Mzee akageukia dirishani, akatazama nje mpaka Mbeya.

*

Jioni walikuwa wote mbele ya duka: Kunal, Khushbu, Alawi na Junaid na askari wake. Damari hakutaka hotuba. Alimwonyesha mzee lile bamba jeusi, naye akaweka gumba lake lililokunjamana. Taa ikawa ya kijani. Simu ya Kunal ikatetemeka.

"Soma," Damari alisema.

Kunal alisoma moyoni, kisha akamgeuzia Junaid ile simu aone mwenyewe. *Junaid amefungua mlango.* Hakuna aliyecheka.

Ndani, maelezo yakaandikwa juu ya kaunta, kati ya chaja na vioo vya simu. Mlalamikaji akaondoa shauri. Mali ilikuwa ya aliyeichukua; hapakuwa na wizi wa kushitaki. Damari alisaini, akamtaka Junaid naye asaini, akamrudishia mkanda na pete. Kadi nyeupe Junaid aliiacha kaunta.

"Baba," Kunal alisema, "ungeniambia ni barua za watu…"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaangalia simu."

Kunal akaingia chumba cha nyuma. Kaseti moja tu ya barua ilikuwa imesalia, iliyoanguka nyuma ya rafu wakati wa kupakia. Sifaeli ndiye aliyeiona walipokuwa wakikagua. Kunal akaitia kwenye redio ya zamani ya dukani, akabonyeza. Sauti ya mwanamume ikakohoa, ikasema kwa woga, "Inaandika? Haya. Mke wangu mpenzi, najua umekasirika…" Kidole cha Kunal kikashuka haraka kikazima. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, trei za mayai zimemzunguka, akampigia simu mtu wa Dar. Walioko nje walimsikia akisema hapana, maboksi yenye maandishi ya Kiswahili tu, na hayo upande mmoja. Na kama hawataki, basi. Alirudia "basi" mara kadhaa. Alipotoka alimwuliza baba yake, "Huyu aliyekasirikiwa na mkewe, ni wa wapi?"

"Chunya. Kama yuko hai."

"Jumamosi nitaendesha mimi."

Kisha akamgeukia Junaid, mikono ameishika mbele. "Ndugu yangu, nisamehe. Kesho njoo kazini, tutarekebisha lile jina."

"Sikiliza, bosi," Junaid alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikamatwa mchana, sokoni watu wamejaa. Leo nimeshushwa hapa tena, mtaa mzima unatazama. Mama yangu hatoki nje kwa aibu. Wewe unaniomba msamaha ndani, mlango umefungwa. Kama ni kunisafisha, nisafishe kulekule nilikochafuliwa. Mambo ya kazi tutazungumza baadaye. Au tusizungumze."

Mzee Chandu ndiye aliyejibu. "Ana haki. Twende kwa mama yake. Sasa hivi, kabla watu hawajaingia ndani."

Damari kazi yake ilikuwa imekwisha, lakini alikwenda nao. Mwanjelwa jua lilikuwa bado kidogo, biashara zimepamba moto, na kuwapo kwa inspekta na Wahindi watatu wakimfuata Junaid kulikusanya watu bila kuitwa. Mwamvita, mama yake, alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo, mkwewe pembeni na mtoto mgongoni. Alipomwona mwanawe aliuweka ungo chini. Hakukimbia. Alimwacha amfikie, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kitu kilichorudishwa baada ya kuazimwa.

Mzee Chandu akavua kofia. Alisema yote, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na umati siku za soko: nani alifungua mlango, kwa kidole cha nani, na kwamba Junaid hakuchukua hata msumari. Kunal akafuata. Alisema yeye ndiye aliyemtaja mtu kwa jina bila kumwuliza, na kwamba anaomba radhi kwa mama, kwa mke, na kwa Junaid mwenyewe.

Watu walinong'ona. Mtu mmoja nyuma akasema, "Alhamdulillahi."

Mwamvita alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nimesikia," alisema. "Mmefanya vizuri kuja. Karibuni mkekani, mkae." Akavuta ungo wake, akaendelea kuchambua. "Ila jirani yangu Mama Alinanuswe bado yuko sokoni, na ndiye aliyelisema hili zaidi ya wote. Hakawii. Akija, mtarudia toka mwanzo."

Kunal akavua viatu, akakaa. Mzee Chandu akakaa kando yake. Khushbu akamwomba mke wa Junaid ampe mtoto ampakate kidogo. Damari, aliyekuwa amekwisha aga, alitazama kule sokoni, kisha naye akavua viatu, wakamsubiri Mama Alinanuswe.